Kaburi la Ouma

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Homa Bay tu wazima, mamako bado anaanika dagaa wa omena. Umeuliza kwa nini kila Novemba, tukiwaombea marehemu, mimi hugeuka kutazama lango nikiwasha mshumaa kwenye kaburi la kaka yangu Ouma.

Ouma alipotelea ziwani karibu na kisiwa cha Remba. Mwili haukupatikana, basi tukazika tunda la yago, lile refu la mti wa mwegea, badala yake, ndiyo desturi yetu Wajaluo. Mwaka uliofuata, mchana kweupe, nikasikia kikohozi chake langoni.

"Dada, nyamera, nifungulie."

Mama akaniziba mdomo. "Aliyezikwa harudi!"

Hatukufungua. Baadaye tulikuta nyayo zimeelekea ziwani.

Watu husema ulikuwa mzimu. Ninachoogopa mimi, hadi leo, ni kwamba alikuwa Ouma mwenyewe, hai, na njaa.

Ni mimi dani yako