Turubai Lisilo na Mwenyewe

Kibondo, Jumatano, Novemba 2015

Ni mimi niliyemkosesha Baba kazi, na sijamwambia mtu.

Unga wa wakimbizi ulifika kambini Nduta umelowa. Leo bosi wa ghala, ninapopika chai tangu nimalize shule, alitaka kujua nani alipaswa kuleta turubai. Kampuni ya usafirishaji ikamtaja dalali. Dalali akamtaja mwenye Fuso, yaani Baba. Baba akajibu kwenye simu, "Bosi, mimi mmenikodi gari na dereva tu."

Bosi akanigeukia. "Na wewe bubu, unaonaje?"

Mimi, ambaye hata salamu natoa kwa kunong'ona! Nikasema kazi imepita mikono mingi mno, kila mmoja anaona mvua ni ya mwenzake. Afadhali kampuni moja ibebe yote: magari, wapakiaji, hata ghala.

Alicheka, kisha akawapigia simu wakubwa wake. Jioni wakatangaza hivyo hivyo. Kuanzia mwezi ujao, Fuso za kukodi hakuna tena.

Wakati wa kula Baba aliniongezea maharage. "Aliyewapa wazo hilo, mwanangu, hana baba."

Nimechoka. Kinachoniuma zaidi, bado naona nilisema kweli.

Hilo baki nalo wewe, daftari langu. Baba asilisikie kamwe.