Breki za Pikapu ya Baba

Karakana ya Kusuka Mota,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu tele kutoka kwa dada yako. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na binti yenu aliyekuwa anatambaa, ameshasimama au bado anapangusa sakafu kwa magoti? Kile kikohozi chako cha baridi kimekuachia? Sisi huku tunaendelea. Mgongo wangu unauma nikiinama na unauma nikinyooka, kwa hiyo nimeamua kuinama, angalau napata riziki.

Umeuliza kwa nini kwenye picha mama ana plasta ngumu mkononi. Simu zako tatu niliziacha ziite mpaka zikachoka zenyewe. Usinune. Kwenye simu ningekudanganya. Karatasi haimkatishi mtu kauli, ndiyo maana nimekaa kitako nikuandikie.

Kisa chenyewe ni pikapu ya baba. Tangu iliponoki injini ilikuwa imekaa uani kwa mama miaka saba, kuku wameigeuza mahali pa kutagia. Hakuna aliyeigusa, mpaka mume wa kitinda mimba wetu alipotangaza kwamba ataitoa ile injini na kufunga mota, gari litembee kwa umeme.

Shemeji yetu unamjua. Anauza chaja na makava ya simu kwenye kibanda chenye upana wa mlango. Tangu ajifunze kubadilisha betri za simu, kila sentensi yake inaanza na "sisi wataalamu". Nami nikamwita Mtaalamu, na kwa jinsi alivyo akaona ni sifa. Hela hakuwa nazo. Alikuwa na video. Alitazama video za watu wa mbali wakifunga mota kwenye magari, akazitazama tena, na zilipoisha akawa ameshahitimu.

Nitende haki: sababu yake ilikuwa ya maana. Tangu mama apate kiharusi anapelekwa mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki. Teksi zinatumaliza, petroli haishikiki, na injini nyingine ni ndoto. Gari la kuchaji nyumbani lingetufaa. Lakini jambo jema mikononi mwa mropokaji hunuka mapema.

Mota aliitoa kwenye gari bovu la kunyanyulia mizigo ghalani, nayo ilikuwa imeungua. Sasa nikuulize, katika ukoo huu nani anasuka mota, anazungusha upya nyaya zilizoungua? Ni vidole vya nani vinanuka vanishi kwa miaka ishirini na sita sasa? Mtaalamu akaipitisha mbele ya karakana yangu kwenye toroli, akaivusha barabara, akampelekea yule jirani yangu anayesuka mota kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Nilimwona kwa macho yangu. Nikafyonya, nikaendelea na kazi.

Betri zilikuwa za mtumba, zimetolewa kwenye mnara wa simu, nzito kama maiti. Akazipanga ndani ya jokofu bovu, akalilaza jokofu nyuma kwenye bodi na kulifunga minyororo. Jokofu, ndugu yangu! Watu wakawa wanamwuliza kama ana maji baridi. Sahani ya chuma ya kuunganisha mota na giaboksi ilichongwa na fundi wa kerezo. Ya kwanza ilitoka kombo, gari likatetemeka mpaka kioo cha pembeni kikadondoka. Ya pili ikakubali. Halafu, kwa kuwa gari la umeme halipigi kelele, akaona halina heshima. Akafunga spika chini ya boneti, inatoa mngurumo wa lori. Mlangoni akaandika kwa rangi nyekundu: UMEME MTUPU. Mimi nikaongeza kimoyomoyo: na kichwa vilevile.

Siku ya uzinduzi alialika majirani. Alivaa koti. Alihutubia, ndiyo, alihutubia, kuhusu mustakabali. Kisha akaingia, akakanyaga, na gari likarudi kinyumenyume, likapita kwenye kamba ya nguo, likasimama limevaa shuka mbili za mama. Alikuwa amegeuza nyaya. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kitinda hakucheka. Alinitazama tu, akaenda kuokota shuka za watu.

Jumatatu iliyofuata gari likaenda mbele. Jioni nikapita kulitazama, maana udadisi nao ni ugonjwa. Nililizunguka mara mbili, nikafungua boneti. Hapo ndipo nilipouona mpira wa breki.

Wewe ulikuwa unakimbilia uwanjani, mimi ndiye niliyekuwa nalala chini ya gari lile nikimpa baba spana, kwa hiyo nikueleze. Breki za pikapu ile hazikazwi na mguu peke yake. Injini huvuta upepo kupitia mpira mmoja, na upepo huo ndio unaousaidia mguu. Ukiondoa injini lazima uweke pampu ya kufanya kazi hiyo, la sivyo kanyagio linakuwa gumu, ni kama unakanyaga ukuta. Ukienda mwendo wa kobe uani hutagundua. Ukiwa mteremkoni na jokofu la betri mgongoni, utagundua. Pampu hapakuwa nayo. Mpira ulikuwa unaning'inia, umezibwa kwa bolti na utepe mweusi.

"Vipi, shemeji, unalionaje?" akaniuliza, anajifuta mikono kama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji.

"Rangi imekaa vizuri," nikamwambia.

Nikafunga boneti, nikaenda zangu.

Hayo ndiyo maneno yote niliyosema. Nilijitia hamnazo. Nilijua atalijaribu tena mbele ya watu, breki zitamshinda, ataugonga ukuta wa uani, na mtaa utamcheka mpaka avue lile koti. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia siku hiyo ikifika, nayachagua moja moja kama mtu anayechagua nyanya. Mama hakunipitia akilini hata mara moja.

Kumbe kesho yake ilikuwa siku ya mazoezi. Teksi ikachelewa. Mtaalamu akamkalisha mama mbele, akamfunga mkanda, wakatoka. Kwenye ule mteremko unaoshukia njia panda ya malori, gari likashika kasi. Mama anasema Mtaalamu alilikanyaga lile kanyagio kwa miguu yote miwili mpaka akanyanyuka kitini. Akavuta breki ya mkono, gari likapungua kidogo, halikusimama. Pembeni palikuwa na rundo la mchanga wa ujenzi. Akalielekeza gari humo, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ameukinga kifuani mwa mama.

Mama alivunjika mkono, na ni ule mkono mzima, ule uliobaki baada ya kiharusi. Sasa hawezi hata kushika kijiko. Mtaalamu alipiga uso kwenye usukani, meno mawili ya mbele yakaenda. Watu walipofika walimkuta amepiga magoti mchangani anamwita mama, damu inamtoka mdomoni, na ile spika ya kipuuzi bado inanguruma.

Baba mdogo akaitisha kikao sebuleni kwa mama. Unamjua, hajawahi kuinua kitu kizito kuliko kikao. Gari lilikuwa limesharudishwa uani kwa kuvutwa, naye akataka liuzwe chuma chakavu na shemeji asiguse tena kitu cha familia. Kila mtu akatema lake. Kisha Mtaalamu akasimama, mdomo umevimba kama andazi.

"Kosa ni langu," akasema. "Habari za upepo wa breki nilikuwa sizijui. Nilidhani najua."

Miaka tisa ya ndoa yao, sikuwahi kumsikia mtu yule akisema hajui. Na mimi dada yako nilifanya nini? Nikasimama baada yake. Nikamwambia debe tupu haliachi kuvuma, na kwamba mtu wa chaja akae na chaja. Nikamwambia damu ya mama ingekuwa juu yake. Yale maneno niliyoyachagua njiani niliyatumia yote, sikubakiza. Watu wakatikisa vichwa kuniunga mkono. Nikakaa chini nimejaa utamu.

Mama ndiye aliyeutoa utamu ule. Alisema polepole, ulimi wake bado mzito: "Kwenye teksi mnanipakia kama gunia. Kwenye hili nilipanda mwenyewe."

Hatukumwelewa. Kitinda akatutoa nje wote, akafungua mlango wa abiria. Chini palikuwa na ngazi ndogo iliyochomelewa, imevikwa mpira usioteleza. Juu, upande wa mkono wake mzima, palikuwa na mshikio uliozungushiwa kitambaa. Kiti chenyewe kilikuwa kimekatwa na kuinuliwa kilingane na kimo cha mama, asihangaike na magoti. Nililizunguka gari lile mara mbili, mdogo wangu, na sikuviona. Nilikuwa natafuta uoza. Nilipoupata nikatosheka, nikaondoka.

Kesho yake mchana nilifunga karakana nikaenda kibandani kwake. Alikuwa anabadilisha kioo cha simu, ameinama, hakuniona mpaka nilipomzibia mwanga.

"Ule mpira niliuona," nikamwambia. "Siku ile jioni. Nilijua breki hazitashika, na sikukwambia."

Akaweka bisibisi mezani. Nilimsubiri anitukane. Nilitamani anitukane, ningelipa ili anitukane.

"Shemeji," akasema, na kwa lile pengo neno lilitoka limejaa upepo, "nilikuona umelizunguka mara mbili na boneti umefungua. Nikasema moyoni, kama kuna ubaya, huyu angeniambia. Ndiyo maana nikampandisha mama."

Akaja mteja anataka chaja, akamhudumia. Mimi nikabaki pale, nimeshika meza yake kwa mikono miwili.

Basi hayo ndiyo yaliyotokea. Nimemdharau mtu yule miaka tisa kwa kuropoka, na kuropoka kwake hakujawahi kumvunja mtu mkono. Kimya changu kimevunja. Jirani msuka kuni, baba mdogo na vikao vyake, majirani waliokuja kucheka, wote niliokuwa nawatazama kwa jicho la pembeni, hakuna hata mmoja wao aliyejua. Aliyejua ni mimi peke yangu.

Mama nimemwambia. Nilimwambia wakati namlisha supu. Akafumba mdomo kijiko kikiwa hewani, akanitazama muda mrefu, mpaka supu ikapoa. Halafu akaufungua mdomo, nikaendelea kumlisha.

Pampu ya upepo tumeipata kwenye magari mabovu. Mota niliifungua nikaisuka upya, maana kazi ya jirani ilikuwa aibu hata kwa macho ya kipofu. Jokofu tumelitoa, betri tumezishusha chini katikati ya gari zisilisukume kutoka nyuma. Tukapakia magunia ya mchanga, tukaenda kwenye mteremko uleule, mimi nikiwa usukanini na Mtaalamu kando yangu. Tulishuka mara kumi. Mara zote kumi lilisimama nilipolitaka lisimame. Wiki iliyopita mama alipanda mwenyewe, kwa msaada wa bega la Kitinda kwa sababu ya ile plasta, akapelekwa na kurudishwa salama.

Usidhani nimeokoka. Ile spika amekataa kuitoa, na ninaichukia kama jino bovu. Anawaambia wateja wake "sisi wataalamu" huku akininyooshea kidole mimi, mtu mzima, mbele za watu. Bado nafyonya. Ila sasa nikiona bolti imelegea, nasema kwanza, nafyonya baadaye.

Daktari anasema plasta itatolewa baada ya wiki tano. Mkono utarudi, ingawa mazoezi yatakuwa ya mikono yote miwili. Usifunge safari kwa hofu. Njoo kwa wakati wako.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonikalisha kuandika. Kitinda amenionyesha ujumbe uliomtumia mumewe, ule ulioandika baada ya baba mdogo kukudokezea nusu ya kisa, wa kumwita muuaji na kumkataza asikanyage kwa mama. Mtaalamu ameusoma. Hajakujibu, wala hajaufuta. Nilimwuliza kwa nini hakukwambia ukweli wakati ameshaujua, akanijibu kwamba ukweli huo si wake kuusema. Mwandikie. Usimweleze kwamba ulikuwa na hasira, wala kwamba ulikuwa mbali. Mwambie tu maneno yale yalikosea mlango. Kisha nitumie mimi yaleyale, usipunguze hata moja.

Nisalimie wifi, na umbusu mtoto. Baba mdogo anakusalimu, na Kitinda pia. Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula. Mtaalamu naye amesema nikufikishie salamu, na nimezifikisha kama alivyozisema, bila kuzikata.

Mungu akupe macho ya kuona na mdomo wa kusema kwa wakati wake.

Ni mimi dada yako akupendaye, na safari hii sijakuficha kitu.