Shibiri Moja ya Fundi wa Keko

Marahaba, mjukuu wangu Rehema.

Niwie radhi kwa kimya kirefu. Tulikuwa tukihamia Chanika. Bibi yako hajambo.

Unauliza herufi ina faida gani ikiwa thamani yake haijulikani, na unaomba kuiacha hisabati kidato cha tano.

Nilipokuwa kijana, mama alinituma kwa fundi seremala huko Keko na mbao zake za mninga, hakuwa na nyingine, zitengenezwe meza. "Urefu uwe mara mbili ya upana, kisha utoe shibiri moja." Kwa majivuno ya shule nikaandika 2(u − 1). Fundi hakujua kusoma, akataka nimweleze agizo la mama, kisha hayo niliyoandika.

"Chukua upana, toa shibiri, kisha zidisha mara mbili."

Akaweka msumeno chini. "Bwana mkubwa, hapo umetoa shibiri mbili. Nikikata hivyo, mama yako atatukimbiza na mwiko."

"Lakini upana wenyewe hujaujua!"

"Sijaujua. Ila uwe wowote, shibiri mbili si moja."

Nikafuta mabano. Hakuna mwalimu niliyemstahi kuliko yule.

Jumapili nitakaa na baba yako kuhusu ombi lako. Tukishaamua nitakuandikia, hata kama uamuzi hautakupendeza.

Babu yako