Kibali Kilichoishia Darajani

Rochelle, nimetoka polisi sasa hivi. Mimi! Nimefungwa pingu!

Nilikuwa naenda kwa dada jimbo la New Jersey, nimeshavuka daraja la mpakani kutoka kwetu Pennsylvania, askari akanisimamisha kwa sababu ya taa mbovu ya gari. Nikamwambia mimi mwenyewe, "Afande, nina bastola kwenye mkoba, na kibali changu hiki hapa."

Akakitazama. "Hiki ni cha Pennsylvania, mama. Ukishavuka daraja hakina kazi."

Hakina kazi!!

Nikamweleza kwamba naibeba kwa sababu ya Dwight, yule mtalaka wangu aliyeapa kuniua. Anasema, "Pole, lakini sheria ya jimbo hili ni nyingine."

Pole! Huku ananifunga pingu!

Wameniachia kwa dhamana, bastola wamebaki nayo. Sasa narudi nyumbani mikono mitupu, na Dwight anapajua.