Mikono Miwili ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeingia katika historia ya ushonaji. Koti la mwalimu mkuu nimelitia mikono miwili — yote ya kushoto! Akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akauliza kwa adabu kama huo ndio mtindo mpya. Mke wangu akasema mbele ya wateja, "Baba watoto, kichwa kimekwisha hicho!" Papo hapo akampigia simu binti yetu. Binti ni nesi, kwa hiyo ni jaji pia. Hukumu: nikapimwe akili. Nikishindwa, cherehani inauzwa.

Nimewasomesha watoto kwa cherehani hiyo hiyo. Asante zao nimezipata.

Jumatano, 5 Machi

Nimetafuta miwani asubuhi nzima. Ilikuwa usoni. Mke wangu amefurahi kama aliyeokota dhahabu. Nikamuuliza, na birika la chai lililokutwa ndani ya kabati la nguo je? Ati ni mimi nimeliweka. Haya. Siku hizi hata yasiyo yangu ni yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Kliniki. Daktari mwenyewe umri wake haufiki ule wa pasi yangu. Kaniuliza leo tarehe ngapi — mimi! Nikachora saa, nikahesabu kurudi nyuma. Nimefaulu! Kasema mzee akisahau alipoweka mkasi, huo ni umri tu. Akiushika asijue ni wa kazi gani, hapo ndipo mje mbio. Binti kaanza kubonyeza simu yake. Nadhani alishapata mnunuzi.

Njiani mke wangu akawa anauliza tumetoka wapi. Nikamwambia aache kebehi, nimeshinda.

Jumapili, 9 Machi

Cherehani imebaki, natembea kifua mbele. Nilikuwa nafumua lile koti, mke wangu akabisha hodi. Kwenye mlango wa nyumba yetu wenyewe! Mkoba begani.

"Hujambo fundi? Gauni langu tayari?"

Nikacheka. Nikamwambia njoo kesho, kama ninavyowadanganya wote. Hakucheka. Kasema hawezi, mume wake anampitia sasa hivi, na hapendi kusubirishwa.

"Mkali?"

"Mdomo tu. Moyoni hana neno."

Nimempa kiti cha wateja. Binti nimempigia, yuko njiani. Mke wangu amekaa, mkoba mapajani, anatazama mlango. Mimi nimechukua kalamu.

Sasa anauliza, "Fundi, unaandika nini hapo?"

Vipimo, nimemjibu.