Limau la Mama

Findlay, Ohio
Oktoba 1989

Mdogo wangu Nadine,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Arizona, na kwamba kifua cha shemeji Roy kimepata nafuu kwa hilo jua lenu. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, anapika jemu ya tufaha, nyumba nzima inanukia mdalasini.

Uliuliza habari za gari lake. Ni limau, kama tunavyoliita hapa kwetu gari bovu lililouzwa kwa maneno matamu. Alilinunua jipya Februari, na tangu hapo linazimika njiani litakavyo. Sheria inamruhusu alirudishe, apewe jingine. Nilimletea hata wakili. Mama akamkaribisha pai, akamwambia, "Mwanangu, limau langu niachie mwenyewe."

Nikashindwa kutulia. Mama huyu anayerudisha dukani yai lenye ufa, leo ang'ang'anie gari bovu? Nikaanza kuchunguza. Kumbe halizimiki popote ila palipo na kibanda cha simu. Na anayepigiwa si gereji, ni Lowell. Ndiyo, kaka yetu Lowell, ambaye tangu mazishi ya Baba na yale maneno ya kugombea shamba hajakanyaga kwa Mama.

Jumamosi nikaomba lifti. Karibu na duka la mbegu nikaona mkono wa Mama ukiingia chini ya usukani, ukavuta kitu. Gari likafa. Akaniuliza taratibu nimeona nini. Nikasema sijaona kitu.

Lowell akaja, akafungua boneti, akaguna. "Mama, hawa wamekuuzia limau kweli."

"Ningejua ningenunua punda," Mama akamjibu. Kisha akamuuliza kama bado anapenda kuku wa tambi. Akasema bado.

Mama alipoingia dukani kunywa maji, nilitaka kumwambia Lowell nilichokiona. Akaniwahi.

"Ubovu wa kweli niliumaliza Aprili, Verna. Huu waya anauvuta mwenyewe."

Nikamuuliza, sasa mbona unakuja?

Akapangusa mikono muda mrefu. "Akiniambia gari limezimika, najua la kufanya. Angeniita mimi tu, nisingejua niseme nini."

Basi ndiyo hayo: Mama hajui kwamba Lowell anajua, na mimi simwambii. Jumapili Lowell anakuja kula. Anasema ataliangalia gari baada ya chakula.

Msalimie Roy na majirani wote. Na Mama akikupigia simu, tafadhali mpe pole ya gari.

Dada yako akupendaye,
Verna