Njambi Hajaniamsha

Jumatano, 3 Agosti 2005

Baridi ya kukata masikio. Nimemaliza kiti cha Njambi, yule mwanafunzi wa saikolojia aliyepanga kule Waithaka. Kiti cha kulalia nyuma — sponji mpya, kitambaa cha kijani. Riruta nzima hakuna fundi mwingine wa makochi angekiokoa. Mimi nimekalia viti vya Dubai, najua!

Ati ni cha hipnosisi. Anamlegeza mtu mpaka akili inasinzia nusu, halafu anaiongelesha. Inaweza hata kuachisha mtu sigara. Anatafuta wavutaji. Kisilu, mwenzangu wa karakana, akaninyooshea kidole kabla dada wa watu hajamaliza kusema.

Nimekubali. Nasimiyu amesema kifua cha Nekesa wetu hakivumilii moshi tena. Nikiendelea kuvuta, anampeleka mtoto kwao Webuye. Amesema polepole. Mke wangu akipiga kelele huwa hamaanishi.

Alhamisi, 4 Agosti

Tao, chuoni kwao, ghorofa ya tatu. Njambi kanifungulia akiwa amechoka. Wawili wa kwanza walimcheka wakatoka. "Fundi, tafadhali usiniangushe."

Akawasha kaseti ya kurekodi, akaanza. Kiswahili cha redio kabisa! Kope zako ni nzito, mkono wako ni mwepesi, unapaa. Mkono wangu mwepesi? Huu wa kuvuta springi? Lakini sauti yake ilikuwa inatetemeka. Nikauinua mkono, taratibu. Nikauachia na mdomo wazi kidogo. Ningezaliwa kwingine ningekuwa kwa sinema.

Akasema kuanzia leo moshi wa sigara utaninukia kama manyoya ya kuku yaliyoungua. Halafu: nitahesabu kutoka tano, nikifika moja utaamka. Akasema tano — stima ikapotea, giza. Bawabu anapiga kelele kwa ngazi, kuna waya unaungua chini, watu watoke! Tukashuka mbio. Macho nilifungua mwenyewe. Kwani nilikuwa nimelala?

Jumapili, 7 Agosti

Sijavuta. Tena si kujizuia. Nimesahau.

Jana Kisilu aliwasha moja makusudi, akanipulizia. Manyoya! Manyoya ya kuku kabisa, nikatoka nje nikiwa na machozi. Nikamwambia ule usingizi niliigiza tu, kumsaidia msichana.

"Na hapa unamwigizia nani, buda?"

Nekesa analala bila kifua kukoroma. Nasimiyu amerudisha nguo za mtoto kabatini. Mimi nikajifanya nasoma gazeti.

Jumanne, 9 Agosti

Njambi kapiga simu. Mwalimu wake amesikiliza kaseti ya siku ile. Hakuniamsha! Iliishia kwa tano. Kazi isiyofungwa vizuri haipati alama, na mwisho wa kuipeleka ni Ijumaa. Lazima nirudi nihesabiwe mpaka moja.

Nikamwambia madam, mimi nimekula, nimepigilia makochi mawili, nimegombana na mteja. Huyo ni mtu amelala? Akacheka. Akasema hapana, mtu huamka mwenyewe. Mwalimu anasema kuhesabu hakubadilishi kitu, ni utaratibu tu.

Mwalimu mwenyewe havuti.

Nikauliza: na yale manyoya, yatabaki?

"Nadhani yatabaki, fundi."

Nadhani!

Jumatano, 10 Agosti

Nimemwambia Nasimiyu yote. Akachukua simu yangu akampigia Njambi.

"Msichana wangu, huyu wangu usimwamshe. Tafuta mwingine."

Nikatega sikio kwenye simu: Njambi hakubishana. Hakulia, hakubembeleza. Amesema anaelewa, mtoto ni mtoto, atarudia mwaka. Asante kwa kiti. Hapo ndipo aliponimaliza.

Baadaye nikamweleza Nasimiyu kwamba hata sikulala, niliigiza kuanzia mwanzo.

"Kama hukulala, Baba Nekesa, unaogopa nini kuamshwa?"

Nikazima taa nikaenda kulala saa mbili. Mimi!

Alhamisi, 11 Agosti

Mwaka mzima wa mtu kwa namba nne! Nimemtumia Njambi ujumbe. Nitakuja.

Ijumaa, 12 Agosti

Naandika nikiwa kwa benchi nje ya mlango wa Njambi, ghorofa ya tatu. Nasimiyu kanipigia shati pasi. Hakusema niende, hakusema nisiende. Nekesa kanishika kola hadi mlangoni.

Nimejipanga. Akihesabu, nitafikiria bei ya sponji, nisisikie namba. Kisilu ameniambia niweke pamba masikioni. Nimemwona mjinga. Pamba iko mfukoni.

Jamaa wa benchi ya pili anavuta dirishani. Nimevuta pumzi ndefu, kuhakikisha. Bado manyoya. Nimevuta tena. Bado.

Mlango umefunguliwa. Kile kiti cha kijani nakiona kutoka hapa. Kazi safi.

"Karibu, fundi. Ni dakika moja tu, nikuamshe uende."

"Niko macho, madam!" Kwa sauti mpaka watu wote wamegeuka.

Ameshikilia mlango, anatabasamu.

Sijainuka.